Aboki Anamwita Nani?

Kwenye kona moja ya mtaa wa Ogui, mjini Enugu, pale barabara inapoteremkia reli, kulikuwa na benchi ambalo mtu mwenye haraka hakulikaribia. Lilikuwa ubao mmoja mnene uliong'olewa kwenye behewa la makaa, umelazwa juu ya matofali, na mbele yake meza ya Aboki muuza chai: birika mbili, makopo ya maziwa mazito, trei ya mayai, mikate, na jiko lililowaka tangu alfajiri. Harmatani, upepo mkavu wa jangwani, ilikuwa imeushika mji, vumbi jeupe hadi kwenye kope, midomo ya watu imepasuka, na wenyeji wa benchi walikuwa wakifika wamejikunyata, mikono kwapani. Wa kwanza siku zote alikuwa Ozoemena, fundi wa kuziba matairi, ambaye kwa kupenda kuamua nani aseme na nani anyamaze alikuwa amebandikwa jina la Spika. Halafu Stesheni, mzee wa Kiyoruba aliyestaafu kupeperusha bendera relini na bado akivaa kofia ya kazi. Halafu Sindano, fundi cherehani, Mwibibio, mwembamba kama jina lake. Na Mama Okpa, aliyeuza okpa, mikate ya njugu mawe iliyopikwa kwa mvuke kwenye majani ya mgomba, akikaa ncha ya ubao, beseni mapajani, akidai hana muda wa porojo zao huku haondoki.

Asubuhi hiyo Spika ndiye aliyeanza.

— Mmesikia redio? Watoto wote shuleni watafundishwa moja ya lugha kubwa tatu. Kihausa, Kiyoruba au Kiigbo. Ndiyo dawa ya nchi hii. Tukielewana, tumekwisha kupona.

— Kubwa kwa kipimo gani? akauliza Sindano. Mmezipandisha kwenye mizani?

— Sindano, usianze.

— Sianzi, naendelea. Sisi wengine ndimi zetu ni za kulambia vidole tu?

— Tulia, kijana, akasema Stesheni. Mimi nimefanya kazi kwenye treni kutoka Port Harcourt mpaka Kano. Nimeona makabila yote ya nchi hii yakiwa yamelala yamefungua midomo. Lugha inayotufaa ni moja tu, ya honi. Treni ikipiga mara moja, Mwigbo anaelewa. Ikipiga mara mbili, Mhausa anatoka relini. Umewahi kumsikia mtu akisema honi hiyo si ya kwetu?

— Na mtu akitaka kuposa? akauliza Mama Okpa. Atampigia binti honi?

Wakacheka. Aboki naye akacheka, akiwa amesimama nyuma ya meza, akivuta chai hewani toka kikombe hiki hadi kile, mkono mmoja juu ya kichwa na mwingine kiunoni, bila tone kudondoka.

— Sikilizeni, akasema Spika. Mimi nina jibu. Myoruba akitaka uje anasema *wa*. Mhausa anasema *zo*. Sisi Waigbo tunasema *bia*. Unganisha. Wazobia! Njoo, njoo, njoo. Unatunga lugha nzima kwa njia hiyo, kila neno vipande vitatu.

— Kwa hiyo kumwita mtu mmoja nahema mara tatu, akasema Sindano. Na akishafika, Mwibibio bado yuko mlangoni hajakaribishwa. Mnajua suluhisho? Ichaguliwe lugha ndogo kuliko zote. Ya kijiji kimoja. Wabaki wazee wawili tu wanaoijua, na hao wawili wawe wamegombana. Nchi nzima tukae chini tujifunze kwao, waziri na mchuuzi, sote tukikosea sawasawa. Hapo hakuna wa kutamba.

— Huyu harmatani imemwingia kichwani, akasema Stesheni.

— Mwulizeni Aboki, akasema Mama Okpa. Yeye hasemi kitu kila siku.

— Aboki aulizwe nini, akasema Spika, yeye ni Mhausa, lugha yake imeshapita. Au sivyo, Aboki?

Jina hilo la Aboki ni la Kihausa, maana yake rafiki, na mjini Enugu kila mtu wa kaskazini mwenye kanzu na kofia aliitwa hivyo hivyo. Mwenye jina alitabasamu, akafungua mdomo, na birika likamponyoka.

Lilianguka kwanza birika, kisha kikombe, kisha mtu mwenyewe, polepole, kama anayetafuta kitu chini ya meza. Spika alipomfikia, upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea na jicho moja likitiririka machozi peke yake.

— Aboki! Aboki, niangalie!

Mdomo ulijaribu, ukashindwa. Sindano alikuwa amekwisha kukimbilia barabarani, amesimama mbele ya gari moja la abiria, Pijo, mikono imetandazwa, akimfokea dereva kwa Kiibibio, na dereva, ambaye hakujua neno moja la Kiibibio, akafungua mlango.

*

Hospitali walisema ni kiharusi. Walisema ataishi. Muuguzi wa mapokezi akauliza jina la mgonjwa, na watu wanne wakatazamana.

— Aboki, akasema Spika.

— Hilo si jina, mzee.

— Basi Malam. Andika Malam wa chai, Ogui.

Mchana ule Spika alikaa kando ya kitanda akitazama ule mkono wenye nguvu bado, unavyofumba na kufumbua shuka. Aliufahamu vizuri mkono huo. Vita vya Biafra, Waigbo walipotaka kujitenga, vilipokwisha na treni kuanza tena kuja, mtu huyu aliteremka na birika lake, akaweka meza pale pale usoni mwa kibanda cha matairi. Ozoemena wa wakati ule hakutaka hata kumtazama. Mdogo wake alikuwa ameondoka na bunduki na hakurudi, na aliyekuja badala yake ni mtu wa kaskazini na maziwa ya kopo. Aboki hakumsemesha. Asubuhi alivuka barabara, akaweka kikombe juu ya tairi bovu, akarudi kwenye meza yake. Kikapoa. Kesho yake akaweka kingine. Siku moja baridi ilikuwa kali na tairi la lori lilikuwa limemshinda, Ozoemena akakinywa. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, na ule ubao wa behewa waliutafuta na kuubeba pamoja.

Mgonjwa alipozinduka sawasawa, aliongea. Aliongea sana. Lakini Kiigbo chake kile cha kuchapia, walichozoea kukicheka, hakikuwepo. Kiingereza cha mtaani hakikuwepo. Kilichotoka kilikuwa maneno laini yaliyopanda na kushuka, ambayo hapana mtu wodini aliyewahi kuyasikia.

— Ni Kihausa cha ndani, akasema Spika, na akaenda kumleta Alhaji Danlami, mfanyabiashara wa kokwa za kola, aliyeswali msikiti mmoja na mgonjwa.

Alhaji akainama, akamsalimu kwa Kihausa, akamuuliza hali, akamtajia Mungu. Mgonjwa alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba, kisha machozi yakamtoka.

— Huyu si Mhausa, akasema Alhaji.

— Si Mhausa vipi? Miaka yote hii?

— Mimi nilidhani ni Mkanuri. Tukitoka msikitini tunaongea bei ya sukari, anajibu Kihausa kizuri tu, sasa niulize nini zaidi? Nilijua ninyi wa benchi mnamjua. Si mnakaa naye kutwa?

Na mgonjwa, tangu siku hiyo, akaanza kukataa chakula. Uji ukiletwa anageuza uso, kijiko kikisogezwa anafunga meno, na kila akimaliza kukataa anaita maneno yale yale mawili, akitazama mlango: *nna, be. Nna, be.*

*

Benchi lilikuwa palepale, jiko limezimwa, meza imefunikwa turubai. Walikuja vilevile, wakakaa vilevile, wakala njugu mawe kavukavu.

— Mimi nimeshakitegua kitendawili, akasema Spika. Anasema *nna*. Hata mtoto wa hapa anajua *nna* ni baba. Aboki anamwita baba yake. Aboki ni Mwigbo!

— Mwigbo gani anayechapia Kiigbo namna ile? akauliza Mama Okpa.

— Alipotea utotoni. Wakampeleka kaskazini. Damu imerudi.

— Damu yako hiyo imeruka neno la pili, akasema Stesheni. *Be*. Hicho ni Kiyoruba, ni kuomba, kusihi. Mtu anasihi pale, wewe unamtafutia baba. Tena mimi nimemwangalia vizuri pua ile. Ni mtoto wa mfalme. Wamegombania kiti huko kwao, akatoroka, akajificha kwenye chai.

— Mfalme wa maziwa ya kopo, akasema Sindano. Ninyi wote hamjui. Hii ni lugha ambayo watu wote walikuwa wakiongea kabla Mungu hajatutawanya. Tumezaliwa nayo, imelala chini kabisa. Ugonjwa umefagia juu, ikabaki ile. Sote hapa tukipigwa vizuri kichwani tutaanza kuongea kama Aboki.

— Nani aanze kupigwa? akauliza Stesheni.

— Nyamazeni, akasema Mama Okpa. Mtu hali chakula, ninyi mnagawana mtu mnavyogawana nyama. Jana nimempelekea okpa ya moto. Miaka yote anainunua kwangu. Ameitazama kama jiwe.

Akalifunika beseni lake.

Hapo ndipo muuguzi kijana mwenye sare nyeupe aliposimama mbele yao, mkoba begani, akitoka zamu. Wodini alikuwa akiitwa Sista Dooshima, Mtivi kutoka upande wa Benue, na yeye ndiye aliyekuwa akishindana na mgonjwa kwa kijiko.

— Shikamooni wazee wangu. Ninyi ndio watu wake Malam?

— Ndio sisi, akasema Spika, akinyoosha mgongo. Sema, binti.

— Nataka kuuliza kitu kimoja. Mama yake alikuwa anamsemesha lugha gani?

Stesheni akavua kofia, akaivaa tena. Sindano akakuna goti. Spika alitazama turubai, akatazama reli, akautazama mkono wake mwenyewe.

— Hatujui, akasema hatimaye.

— Kwao ni wapi?

— Kaskazini.

— Kaskazini ni kubwa, mzee wangu. Daktari anasema wengine wakipata kiharusi, lugha walizojifunza ukubwani zinapotea kwa muda, inabaki ile ya kwanza. Yule baba hajachanganyikiwa. Anaongea vizuri kabisa, ila yuko peke yake mle ndani. Mtu ambaye haelewi neno hata moja la wanaomzunguka, kila kijiko anakiona kigeni. Mkimpata anayeijua lugha hiyo, atakula. Mkichelewa... Akaurekebisha mkoba begani. Basi jitahidini.

Aliondoka. Spika akasimama.

— Stesheni, nenda stesheni. Uliza kila anayeteremka. Sindano, kwa mafundi wenzako. Mama, wewe sokoni. Mimi nakwenda stendi ya malori.

— Tutauliza nini? akasema Sindano. Hatujui hata lugha yenyewe inaitwaje.

— Tuna maneno mawili. Tutayabeba hayo hayo.

*

Ozoemena aliyabeba kama anayebeba maji kiganjani. Alitembea akiyarudia chini ya pumzi, *nna be, nna be*, akijaribu kuishika na ile sauti yake, jinsi la kwanza lilivyoshuka na la pili lilivyopanda. Rafiki yake mmoja akamsalimu njiani, hakumjibu, aliogopa yatamwagika. Alipopita nyumbani kuchukua koti mkewe alimuuliza kama ameona chumvi, naye akajibu, *nna be*. Mke akamtazama akitoka.

Stendi ya malori ilikuwa na watu wa kila upande. Alimwendea kwanza dereva Mwigala aliyelala chini ya lori.

— Samahani, ndugu yangu. Maneno haya ni ya kwenu? *Nna, be.*

Dereva akajivuta nje, akakaa, akayaonja mdomoni.

— Si yetu. Lakini jaribu kwa yule Mwidoma, ana wake wawili wa makabila mengine.

Mwidoma akasema si yao, wala ya mke wa kwanza, wala ya wa pili. Akauliza kwani kuna nini, na alipoelezwa akaacha magunia aliyokuwa akipakua, akasema twende kwa Mwebira muuza vibuyu. Mwebira akaita mwenzake. Mkanuri mmoja wa samaki wakavu akafumba macho, akaomba yarudiwe, akatikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba kosa ni lake. Punde Ozoemena akawa na msafara nyuma yake, watu wasiojuana, kila mmoja akiyasema yale maneno mawili kwa lafudhi ya kwao, wakisahihishana.

— Wewe unayavuta sana.

— Na wewe unayameza.

— Mwacheni mzee mwenyewe aseme, ndiye aliyeyasikia.

Akayasema. Mwanamke mmoja wa Kitivi, muuza viazi vikuu, akainua kichwa.

— Hebu tena? Hao ni watu wa mtoni. Wanaoleta mchele. Sijui wanasema nini, ila wanapanda na kushuka hivyo hivyo. Njoo.

Akamshika Ozoemena mkono, kama mtoto, akampitisha katikati ya malori hadi kwenye ghala la mchele. Juu ya magunia alikuwa ameketi mama mmoja mnene, mtandio wa bluu begani, akila embe bila haraka na huku akiwahimiza wapakiaji. Lori lake lilikuwa limekwishawashwa.

— Mama, akasema Ozoemena. *Nna, be.*

Mama yule hakumtazama.

— Nani kakufundisha kumwita mama yako vibaya namna hiyo?

— Mama?

— *Nna* ni mama. *Be* ni njoo. Mama, njoo. Lakini si hivyo unavyobweka wewe. Akafuta mdomo na kuyasema, taratibu, la kwanza likashuka, la pili likapanda.

Ozoemena akalipiga gunia kwa kiganja.

— Hivyo hivyo! Ndivyo anavyosema! Kwa sauti hiyo hiyo!

— Nani?

— Rafiki yangu. Amelazwa. Hatukujua ni mtu wa wapi.

Yule mama aliitwa Salamatu, Mnupe, mfanyabiashara wa mchele kutoka upande wa Bida. Alitazama lori linalonguruma, akamtazama huyu fundi wa matairi mwenye machozi yaliyochora mifereji kwenye vumbi la mashavu. Akateremka kwenye magunia.

— Zima gari, akamwambia dereva wake.

*

Mlangoni pa wodi benchi zima lilikuwa limekusanyika, Sista Dooshima akiwa amewaruhusu kinyume cha saa za kutazama wagonjwa. Salamatu alipiga goti kando ya kitanda kama anayefika nyumbani kwa mkubwa, akaanza salamu. Ilikuwa salamu ndefu. Aliuliza, akanyamaza, akauliza tena.

Mgonjwa aligeuza uso kutoka ukutani. Alimtazama muda mrefu. Kisha akaushika ule mtandio wa bluu kwa mkono wake mzima, akajibu. Akajibu salamu zote, moja moja, hakuruka hata moja, na baada ya hapo akaongea kama bomba lililofunguliwa. Hakuna wa benchi aliyeelewa neno. Stesheni alikuwa akikagua dari. Sindano alikuwa amegeukia dirisha. Mama Okpa alilia waziwazi, bila kujificha, beseni kichwani.

— Jina lake ni Tsado, akasema Salamatu. Kwao ni kijiji cha wavuvi, nakijua, binamu yangu ameolewa hapo. Mama yake alikufa siku nyingi. Nimemwambia. Anasema anajua, ila alipoamka hakumwelewa mtu yeyote, akamwita wa kwanza aliyemkumbuka.

— Mwambie pole, akasema Spika. Mwambie... mwambie pole.

Akaambiwa. Akajibu kitu, akimnyooshea Spika kidole.

— Anauliza ninyi mnapewa chai na nani.

— Mwambie hakuna. Tumekaa na kiu.

Tsado akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaongeza neno.

— Anasema birika dogo mpini wake umelegea. Msije mkaungua.

Sista Dooshima akasogeza bakuli. Salamatu akalichukua, akaonja uji mwenyewe, akakunja uso, akasema neno kwa Kinupe, ambalo hata asiyejua Kinupe aliona ni la kuusema vibaya upishi wa hospitali. Tsado akafungua mdomo. Akala. Akala mpaka bakuli likakwanguliwa.

Spika alisubiri hadi amalize.

— Mama Salamatu, nisaidie. Mwulize kwa nini hakutuambia. Tumekaa naye miaka yote ile, kila siku tunazungumza lugha, lugha, lugha. Kwa nini hakusema mimi si Mhausa, mimi ni Mnupe?

Salamatu akauliza. Tsado alijibu kwa kirefu, akituliza pumzi mara mbili, mkono ukienda na kurudi. Salamatu alimsikiliza hadi mwisho.

— Anasema mlikuwa mnaongea.

Stesheni akaiacha dari, akamgeukia.

— Hayo tu? akauliza Stesheni. Mbona amesema mengi?

— Mengine ni ya kuwasifu. Anasema mnaongea vizuri, alipenda kusikiliza. Na anasema Aboki si jina baya. Mtu kuitwa rafiki kila asubuhi, atalalamika nini?

Spika alisogea mpaka kitandani. Aliuchukua ule mkono uliolegea, ambao haukuweza kumshika, akaushika yeye.

*

Salamatu hakuweza kukaa sana, mchele ulikuwa ukingojewa mjini Aba. Lakini kabla hajaondoka alikaa kwenye benchi, akawafundisha. Hapakuwa na chai. Kulikuwa na kelele.

— *Nuwan*, maji. Semeni.

Wakasema.

— Stesheni, hiyo siyo maji, sijui ni nini hiyo. Tena. *Nda*, baba. *Nna*, mama.

— Spika huyo alitaka kumpelekea baba yake, akasema Mama Okpa. Mtu anamlilia mama!

— Kwetu *nna* ni baba, akasema Spika, nitafanyaje? Nimezaliwa nalo.

— Huku anakuwa mwanamke, zoea, akasema Sindano. Sasa umeona ladha ya kujifunza lugha ya mwenzio. Sisi Waibibio tumeanza siku nyingi.

Waligawana maneno, kwa kuwa hakuna kichwa kilichoyamudu yote. Mama Okpa alichukua ya chakula. Stesheni alichukua njoo, nenda, simama, akisema ndiyo aliyoyafanyia kazi maisha yake yote. Sindano alichukua ya mwili, mkono, goti, kichwa, panauma, pamepona, na akayajifunza vizuri kuliko wote, bila kumwambia mtu kuwa anakwenda kwa Alhaji wa kola usiku kumtafuta Mnupe mwingine wa kumsahihisha. Spika akaachiwa salamu, zile ndefu. Alizikariri juu ya matairi, na wateja wakasubiri.

Mvua za kwanza zilipoishusha harmatani, Tsado alirudi Ogui na mkongojo. Benchi zima lilisimama. Spika akapiga goti pale kwenye vumbi, mwili mzima huo wa fundi wa matairi, akaanza kumsalimu kwa Kinupe, na akakosea katikati, akamuuliza hali ya wajukuu ambao hana. Tsado akajibu kwamba hawajambo.

Kiigbo chake kilirudi kidogo kidogo, kwa vipande, tena si kwa mpango: matusi kwanza, ambayo yalimshangaza yeye mwenyewe, kisha majina ya watu, kisha sukari na maziwa. Kihausa kilibaki mbali. Alikuwa akianza sentensi kwa Kiigbo, ikimkatikia anaimalizia kwa Kinupe, na pengo la katikati Stesheni akilijaza kwa Kiyoruba, kwa kuwa aligundua baadhi ya maneno yanafanana. Mkono mmoja haukuinuka tena zaidi ya kifua, hivyo kuvuta chai hewani alikuachia Spika, ambaye alimwaga nusu chini na nusu kwenye viatu vya watu. Tsado alikaa kwenye ubao sasa, upande wa wateja, akitoa amri.

Asubuhi moja ya namna hiyo mwanamke mgeni alisimama kwenye meza, mwalimu aliyehamishiwa Enugu wiki hiyo, mwavuli mkononi. Alikuwa ametaka tu chai na yai. Lakini benchi lilikuwa limechachamaa. Spika alikuwa akibishana na Mama Okpa kuhusu moto wa jiko, akimlalamikia Tsado kwa Kinupe chake kilichovunjika kiuno. Tsado alijibu kwa Kiigbo, akamalizia kwa Kinupe. Stesheni aliingilia na neno la Kiyoruba ambalo hata Mama Okpa alilipokea na kulirusha kwa Sindano. Sindano akatukana kwa Kiibibio, na wote watano wakacheka kwa wakati mmoja.

Mwalimu alisikiliza, kichwa amekiinamisha.

— Samahanini, akasema. Nimekaa miji mingi, lakini hii sijawahi kuisikia. Mnaongea lugha gani?

— Hii ni... akaanza Spika.

Akasimama na birika mkononi. Alimtazama Stesheni. Stesheni, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu reli ilipojengwa, alimtazama Sindano. Sindano alimtazama Mama Okpa, na Mama Okpa akaanza kufungua jani la mgomba ambalo halikuhitaji kufunguliwa. Chai ilikuwa ikimwagika polepole kutoka mdomo wa birika, hakuna aliyeiona.

Tsado alimwangalia yule mgeni aliyesimama kwenye manyunyu, viatu vikiloa. Aliuvuta mguu wake mzito kwa mkono, akajisogeza kidogo kuelekea kwa Sindano, na Sindano naye akasogea, mpaka ubao ukapata nafasi ya mtu mmoja. Akaipangusa kwa upindo wa kanzu yake.

Mwalimu akafunga mwavuli, akakaa.